Wakala wa bima ametushauri tusitaje pumu yangu

SWALI

Bi. Mshauri, assalam aleikum.

Mimi ni mke wa miaka 26, naishi Kisauni na mume wangu ambaye nilifunga naye ndoa mbele ya kadhi mwaka juzi. Bado hatujajaaliwa mtoto. Mume wangu ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha, na mshahara wake ni shilingi 38,000 kabla ya makato. Mimi hupika mahamri na mbaazi alfajiri, na jioni huuza viazi karai na bajia mlangoni kwetu. Kodi ya nyumba tunalipa kwa wakati, hatudaiwi dukani, na kila mwezi natoa mchango wangu wa chama cha akiba bila kukosa. Kwa jumla tunaishi vizuri na tunapendana.

Nina pumu tangu utotoni. Mwezi wa Machi nilibanwa kifua usiku wa manane, inhela ikawa haisaidii, na mume wangu akanikimbiza kwa tuktuk hadi hospitali moja ya kibinafsi iliyokuwa karibu. Pale mapokezi waliingiza nambari ya kitambulisho changu kwenye kompyuta, wakasema sionekani popote katika SHA, ile Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya serikali, na kwamba ni lazima tulipe kwanza ndipo niwekwe kwenye nebulaiza, mashine ya kuvutia dawa ya pumu. Mume wangu alieleza kuwa yeye hukatwa kila mwezi na kwamba karatasi yake ya mshahara inaonyesha hivyo, lakini hakusikilizwa. Ikabidi ampigie mwenzake wa kazini usiku ule ule amkopeshe, na deni hilo tukalilipa kwa fedha za chama ambazo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya safari.

Safari yenyewe ni hii. Wifi yangu anafanya kazi Hamburg, Ujerumani, na ametualika tukakae naye wiki tatu mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi cha huko. Yeye atasaidia katika nauli, nasi tutagharamia viza na bima. Kuna wakala wa bima aliyemfuata mume wangu ofisini na kumwambia kwamba bima moja ya safari ya mwaka mzima itatutosha, kwani tukirudi tutaendelea kuitumia kwa matibabu hapa Mombasa. Aliposikia kuwa nina pumu, alishauri tusiiandike kwenye fomu, kwa sababu bei itapanda na huenda hata viza tukanyimwa. Tangu lile tukio la hospitali mume wangu hataki kusikia habari za SHA. Husema wanajua kukata tu. Kwa hiyo amelipenda sana wazo la wakala.

Mimi nina wasiwasi. Tumeacha kupanga uzazi kwa sababu tunataka mtoto, na mavyaa wangu anasema ingekuwa heri tuiache safari kabisa na fedha hizo tuziweke kwa ajili ya uzazi. Je, bima moja inaweza kutosha huko na huku? Je, nilipie SHA yangu mwenyewe kwa kuwa nina biashara yangu? Na nitamwelezaje mume wangu bila ya yeye kuona kwamba namlaumu kwa yaliyotokea usiku ule?

Mwenye Wasiwasi, Kisauni

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole kwa usiku ule, na nashukuru kwamba ulipona.

Naanza na ushauri wa wakala, kwa sababu ndio wenye hatari kubwa zaidi na ndio unaoweza kuepukwa leo hii. Msiifiche pumu. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli aliousema mwenye kukata bima, na kampuni inapogundua baadaye kwamba uliulizwa kuhusu ugonjwa ulio nao tangu utotoni nawe ukajibu kwamba huna, ina sababu ya kukataa kulipa. Kugundua nako si kazi ngumu. Daktari wa dharura huko Hamburg atakuuliza umekuwa na pumu kwa muda gani, utamjibu kweli kwa sababu unataka kupona, na jibu lako litaandikwa katika ripoti ile ile ambayo kampuni ya bima itaiomba kabla ya kulipa. Hapo mtakuwa mmelipia karatasi ya kuonyesha ubalozini tu, na hospitali itawadai ninyi.

Wala deni hilo halitaishia kwenu. Mwenyeji anapoalika jamaa zake Ujerumani kwa kuwadhamini, huenda katika ofisi ya wageni ya mji anaoishi na kutia sahihi hati ya dhamana, na kwa sahihi hiyo anakubali kubeba gharama za wageni wake. Fedha za umma zikitumika kuwatibu, mamlaka za huko zinaweza kumdai yeye. Muulizeni wifi yako kama ametia sahihi hati hiyo. Ikiwa ametia, basi ukweli wako kwenye fomu ya bima unamlinda yeye pia, na huenda hoja hii ikamgusa mume wako kuliko yoyote utakayomtolea, maana ni dada yake.

Kuhusu viza, wakala amewatia hofu isiyo na msingi. Sheria ya viza ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo, inataka msafiri awe na bima ya matibabu yenye thamani isiyopungua euro 30,000, inayotumika katika nchi zote za eneo hilo na kwa siku zote za ukaaji wake, na inayolipia matibabu ya dharura, kulazwa kwa dharura, na kurudishwa nyumbani iwapo msafiri ameugua sana au amefariki. Pumu haimo katika mambo ya kumnyima mtu viza. Bei ya bima inaweza kupanda kidogo kwa kuitaja, hilo ni kweli, na ningelipa nyongeza hiyo bila kusita. Muulizeni wakala swali moja tu, naye awajibu kwa maandishi: mwenye pumu akibanwa ghafla akiwa safarini, mkataba huu unalipa au haulipi, na kwa kiasi gani? Mikataba mingi hutenga magonjwa yaliyokuwepo kabla ya safari, mingine hulipia hali ya dharura peke yake, na mingine hukubali kuyalipia kwa nyongeza. Akikataa kuandika, tafuteni wakala mwingine. Mamlaka ya Udhibiti wa Bima huchapisha orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni, na ni haki yenu kuangalia kama jina lake limo.

Sasa hilo la bima moja kutosha huko na huku. Haitoshi. Chukueni mkataba wenyewe, si kile kikaratasi cha matangazo, mtafute sehemu inayoeleza maana ya maneno yaliyotumika. Hapo kwa kawaida mtakuta maelezo ya nchi ya makazi, na mtasoma kwamba bima inaanza kazi msafiri anapotoka katika nchi hiyo na inakoma anaporejea. Makazi yenu ni Kenya. Ile ya mwaka mzima maana yake ni kwamba mnaweza kusafiri mara kadhaa ndani ya mwaka bila kukata bima mpya kila safari. Haina maana kwamba ukibanwa kifua Kisauni mwezi wa Novemba itakulipia. Na kwa kuwa mna safari moja ya wiki tatu, sioni kwa nini mlipie mwaka. Kateni ya wiki hizo, mkihakikisha kwamba siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zimo, kisha muulize kama ada ya bima hurudishwa viza ikikataliwa. Kampuni nyingi hurudisha zikiletewa barua ya kukataliwa, baada ya kukata gharama zao. Ada ya viza yenyewe, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi.

Hili la nyumbani ndilo ninalotaka mlishughulikie kwanza, hata kabla ya kukata tiketi, kwa sababu Hamburg mtakaa wiki tatu na Mombasa mtakaa miezi yote iliyobaki.

Mume wako amekasirika, na hasira yake ina haki, lakini nadhani imeelekezwa pasipo. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, hazina ya zamani ya bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024, watu walitakiwa kujisajili upya. Mwajiri aliendelea kukata mshahara kama kawaida, safari hii asilimia 2.75, ambayo kwa mshahara wa mume wako ni shilingi 1,045 kwa mwezi, na kwa hiyo wafanyakazi wengi waliona kato kwenye karatasi ya mshahara wakaamini kwamba mambo yamekamilika, na wake na waume zao wamo. Kato halimwandikishi mke. Mke huandikishwa na mwenye mchango, na ikiwa mume wako hakukuongeza baada ya mabadiliko hayo, ndiyo maana jina lako halikuonekana. Naona hii ndiyo sababu iliyo karibu zaidi, ingawa iko nyingine inayofaa kuchunguzwa: mwajiri anatakiwa kuwasilisha makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na wako waajiri wanaokata na kuchelewa kuwasilisha. Mume wako anaweza kuangalia michango yake kwa simu kupitia *147# au katika mtandao wa Afya Yangu, na akiona mwezi wowote umeruka, aende kwa mhasibu wa kampuni na karatasi zake za mshahara mkononi.

Wewe jisajili kwa kitambulisho chako, halafu yeye akuongeze kama mkewe. Kiwekeni karibu cheti chenu cha ndoa, na kabla ya kuanza, tandazeni mezani cheti hicho, vitambulisho vyenu na pasipoti zenu, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Hapa Pwani jina moja huandikwa kwa namna tatu: kadhi ameandika hivi, afisa wa vitambulisho vile, na pasipoti ikaja na la babu ambalo halimo kwingine. Tofauti kama hizo zitawasumbua kwenye bima na kwenye viza pia, ambako mtatakiwa kuonyesha kwamba ninyi ni mume na mke, na marekebisho huchukua muda.

Umeuliza kama ulipie mchango wako mwenyewe kwa sababu ya biashara. Maadamu mume wako ana mwajiri anayemkata, nawe huna mwajiri, unaingia chini yake kama mwenzi, wala huhitaji mchango wa pili. Hali itabadilika ajira yake ikikoma. Hapo nyumba yenu itapimwa uwezo wake na mtatakiwa kulipa wenyewe, kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na malipo hayo hutakiwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Ikiwa kazi yake ni ya mkataba, mjue mkataba unaisha lini, na katika zamu moja ya chama tenga fedha hizo mapema.

Nikuongezee jambo ambalo lingewasaidia usiku ule. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mtu anayeshindwa kuvuta pumzi yuko katika dharura. Malipo yanaweza kujadiliwa baada ya nebulaiza, na mume wako ana haki ya kuisema ibara hiyo pale mapokezi, kwa adabu na kwa sauti, na kumwita msimamizi wa zamu. Aidha, kwa ufuatiliaji wa kawaida wa pumu usingoje kubanwa. Zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, huhudumia waliosajiliwa bila malipo kupitia hazina ya huduma ya msingi; hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6 ndizo zinazotaka mchango uwe umelipwa. Kliniki ya wajawazito nayo imo katika huduma hiyo ya msingi.

Na kwa kuwa mnataka mtoto, hesabu ya uzazi ni lazima iingie hapa. Mavyaa wako ameona mbali kuliko wakala, ingawa sikubaliani naye kwamba safari ivunjwe. Viwango vya SHA mfumo ulipoanza vilikuwa shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa njia ya kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya umma inaweza kutosheka na hizo, ya kibinafsi mara nyingi itawaomba nyongeza, na nyongeza hiyo ndiyo ya kuwekewa akiba. Mkifikiria kukata bima ya kibinafsi juu ya SHA, ulizeni kwanza kipindi cha kusubiri. Kwa uzazi huwa ni miezi 10 hadi 12 katika mikataba mingi, na hiyo ina maana kwamba mwanamke aliyekwisha kushika mimba amechelewa kwa mtoto huyo. Sioni kwamba uwezo wenu kwa sasa unadai bima ya pili. Hakikisheni SHA imekaa sawa, wekeni akiba ya uzazi kidogo kidogo, na mengine yangoje.

Ukishika mimba kabla ya Julai, si lazima ubaki. Bima ya safari kwa kawaida hailipii kliniki wala uzazi wenyewe. Hulipia matatizo ya ghafla, tena hadi wiki fulani ya ujauzito iliyotajwa katika mkataba, kwa hiyo soma kifungu hicho. Mashirika mengi ya ndege huanza kudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, nanyi mtakuwa mmerudi kitambo. La muhimu kuliko yote ni kwamba usiache inhela kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Pumu isiyodhibitiwa ina madhara makubwa zaidi kwa mama na mtoto kuliko dawa zake, na daktari wako atakwambia vivyo hivyo.

Kabla ya kuondoka, nenda kliniki ukapimwe kifua na uombe barua ya Kiingereza inayotaja ugonjwa wako, dawa zako na vipimo vyake. Julai huku ni wakati wa kusi, hewa imepoa na ina unyevu. Huko kaskazini mwa Ujerumani ni msimu wa chavua ya nyasi, ambayo huwabana baadhi ya wenye pumu hata kama nyumbani walikuwa salama. Inhela mbili ziwe katika mkoba wa mkononi pamoja na barua, ndani ya vikasha vyake vyenye lebo ya duka la dawa, wala zisiingie katika sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Nambari ya dharura huko ni 112. Na mmoja wenu akipatwa na homa mkiwa huko, mwambieni daktari mara moja kwamba mmetoka Pwani ya Kenya, ambako kuna malaria, kwa sababu daktari asiyeiona kila siku anaweza kuchelewa kuifikiria.

Kuhusu muda, maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi huchukua takriban siku 15 na unaweza kufika 45, na miezi ya kuelekea kiangazi cha Ulaya huwa na foleni. Pelekeni maombi yenu mapema.

Lililobaki ni mume wako. Mtu aliyesimama mbele ya dirisha la mapokezi huku mkewe anapigania pumzi, akaambiwa jina la mkewe halionekani, amedhalilishwa, na mara nyingi mwanamume hufunika fedheha ya namna hiyo kwa hasira. Usianze na SHA, wala usianze na wakala. Chagua jioni ambayo biashara imekwisha na hamna mgeni, umwambie kwamba humlaumu, kwamba unakumbuka ni yeye aliyekukimbiza na kutafuta fedha usiku wa manane, na kwamba unaogopa jambo lile lisije likawatokea tena, na safari hii katika nchi ya watu. Kisha mwombe mfanye kitu kimoja pamoja, hapo hapo, kabla ya kulala: abonyeze *147# kwa simu yake, aangalie kama jina lako limo. Kama halimo, mtakuwa mmejua kilichotokea Machi, na ataona kwamba ni jambo la kurekebishwa. Habari ya fomu ya wakala iache hadi siku ya pili, na umweleze kwa upande wa dada yake.

Kwa mavyaa wako, mume wako ndiye aende akamweleze, amwonyeshe kwamba akiba ya uzazi imeanza na kwamba bima ya nyumbani imekamilika. Wewe mpelekee mahamri.